Taa za LED za dagaa zinageuka bluu na kufifia mapema: chipu ni mbovu au tunazifunga vibaya?

Mwalo_Igombe

Wakuu, habari za humu. Naomba mafundi wa LED mnisaidie kuhusu taa za kuvulia dagaa hapa Igombe, Mwanza, Ziwa Victoria.

Taa zetu zimefungwa hivi: COB ya wati 10 (chipu nyingi za LED kwenye bamba moja, ile yenye mraba wa njano, volti 9 hadi 12) imegandishwa kwa gundi ya moto ndani ya boksi la plastiki lenye kioo mbele. Umeme unatoka kwenye betri ya pikipiki ya 12 V 7 Ah, unapita kwenye rizista ya omu 3.3 wati 5, unaingia kwenye COB. Basi, hakuna kingine. Kila taa iko kwenye chelezo chake na betri yake. Inawashwa saa moja jioni, inazimwa alfajiri, mchana inachajiwa mwaloni kwa paneli.

Ikifika saa nane usiku mwanga umebaki kama nusu. Baada ya miezi michache ule weupe unaanza kuwa na ubluu, na mwanga hafifu hata ukiweka betri mpya. Na zipo ambazo ndani ya mraba wa njano pamepata doa jeusi na safu moja haiwaki kabisa.

Chipu zinazouzwa ni feki, au ni sisi? Muuzaji anashauri tuhamie taa za bluu tupu, anasema bluu ndiyo inayozama chini zaidi na inakula umeme kidogo. Halafu kuna hizi habari za LED mpya za perovskaiti (aina nyingine ya fuwele inayotoa mwanga), bluu yake inasifiwa sana. Inafaa kuzisubiri?

Ampea_Ndogo

Mkuu, chipu feki zipo, ila dalili zako zote unazipata hata kwa chipu halali ikifungwa namna hiyo. Mimi nitasema ya umeme, ya joto na maji wapo wanaoyajua zaidi.

Anza na hiyo rizista. Ndani ya COB ya wati 10 kuna chipu 9, safu tatu za chipu tatu tatu. Chipu moja inataka volti 3.2 hivi, safu nzima 9.6. Betri iliyojaa ikitulia ni 12.7. Inabaki volti 3.1, gawa kwa omu 3.3 unapata ampea 0.94. Maana yake betri inatoa wati 12, na karibu 3 kati ya hizo zinaishia kwenye rizista, ndani ya boksi lilelile lenye COB. Robo ya betri yako inapasha plastiki.

Usiku ukienda, betri ikashuka hadi volti 11 ikiwa na mzigo, hesabu inakuwa (11 − 9.2) ÷ 3.3, yaani ampea 0.55. Ndiyo nusu yako ya saa nane. Sasa geuza upande wa pili: mtu anawasha taa kuijaribu mchana huku paneli inachaji, betri iko 14.4. Mkondo unapanda hadi karibu ampea 1.4 kwenye COB iliyopangiwa 0.9. Safu moja ikikata kwa joto hilo, rizista haijui kwamba safu zimebaki mbili, inaendelea kusukuma karibu mkondo uleule, na zilizobaki kila moja inabeba nusu zaidi ya zamani. Kwa hiyo doa la kwanza likishatokea, la pili haliko mbali.

Betri nayo. Kwa karibu ampea moja, 7 Ah inavuka nusu kabla ya saa tano usiku. Betri ya pikipiki imeundwa kupiga stata, itoe mkondo mkubwa kwa sekunde chache kisha ijazwe tena. Ukiishusha chini ya nusu kila usiku na kuichelewesha kuchajiwa, bamba zake zinashika salfeti na uwezo wake unapungua kila wiki. Ukitaka kubaki na betri ya risasi na asidi kwa mzigo huo wa wati 12 na saa 10, usinunue chini ya 20 Ah ya mzunguko wa kina (deep cycle), ile inayovumilia kushushwa chini kila siku. Itakuwa nzito kwenye chelezo, utaona mwenyewe.

Ningefunga hivi. Acha rizista, weka draiva ya mkondo usiobadilika. Vile vibodi vidogo vyenye chipu ya PT4115 ni rahisi na vinapatikana. Vinapokea volti 6 hadi 30, na mkondo unapangwa na kirizista kimoja kidogo: gawa 0.1 kwa omu zake. Vingi vinakuja na kilichoandikwa R300, yaani omu 0.30, kinatoa miliampea 333. Lehemu R300 ya pili juu ya ya kwanza, ziwe sambamba, unapata omu 0.15 na mkondo wa miliampea 667. Kuhakiki huhitaji kukata waya: weka mita kwenye milivolti, gusa ncha mbili za hicho kirizista taa ikiwa inawaka. Ukisoma karibu 100, draiva iko sawa. Ukisoma 60 au 70, volti za kuingia hazitoshi au koili imezidiwa. Koili iwe ya maikrohenri 47 hadi 68 na ibebe zaidi ya ampea 1.2, ikiwa ndogo itapata moto na kupiga mluzi. Ongeza kapasita ya 100 µF 35 V kwenye mlango wa kuingilia, hasa kama waya kutoka betri ni mrefu.

Upande wa LED, badala ya COB moja weka LED 12 za wati 1 zile za kwenye nyota ya alumini, tatu mfululizo, safu nne sambamba, na rizista ya omu 1 kwenye kila safu ili safu moja isiibe mkondo wa wenzake. Miliampea 667 kugawa kwa nne ni 167 kwa kila LED, wakati imepangiwa 350. Hapa ndipo wengi wanashangaa kwa nini nizitumie chini ya uwezo. LED ya bluu ya naitraidi ya galiamu, ndiyo fuwele ya chipu hizi za kawaida (na LED nyeupe ndani ni bluu hiyohiyo), ufanisi wake unashuka kadiri unavyoisukuma mkondo mwingi kwenye eneo dogo. Ukiigawia kidogo, kila wati inatoa mwanga mwingi zaidi na joto linapungua. LED zinakula wati 5.8 hivi, na draiva ikiwa na ufanisi wa asilimia 90 betri inatoa 6.5. Mwanga haupishani sana na wa COB yako ikishapata moto, kwa karibu nusu ya umeme.

Saa 10 kwa wati 6.5 ni watisaa 65. Chukua seli za lithiamu za fosfati ya chuma (LiFePO4) za saizi ya 32700, 3.2 V 6 Ah, nne mfululizo na mbili sambamba: jumla watisaa 154. Usiku mmoja unatumia chini ya nusu, na mawingu yakikaba siku nzima usiku wa pili bado unapita. Mwanza unaweza kupigia hesabu ya saa 5 za jua kamili kwa siku; kwa mahesabu hayo paneli ya wati 20 inafika kwa shida, weka 30.

Angalizo kwenye seli: ile ya kweli ya 6 Ah ina uzito wa gramu 140 hivi, ikiwa nyepesi mno mezani kwa muuzaji, rudisha. Na zile seli za lithiamu za 18650 zilizoandikwa 9900 mAh ni uongo mtupu, halali yake haizidi 3500 hivi. Bodi ya BMS (inayolinda seli kwa kukata chaji ikizidi au ikiisha) lazima iwe ya fosfati ya chuma, inayokata 3.65 kwa seli. Ukiweka ya lithiamu ya kawaida inasubiri mpaka 4.2, seli zako zitavimba.

Lehemu

Ampea_Ndogo kamaliza ya umeme. Mimi naenda kwenye ubluu, maana hapo ndipo chipu inasingiziwa.

Mkuu, LED nyeupe haipo kwa asili yake. Chini kuna chipu inayotoa bluu ya nanomita 450 hivi (huo ni urefu wa wimbi la mwanga, ndio unaoamua rangi), juu yake kuna silikoni iliyochanganywa na unga wa njano. Sehemu ya bluu inapenya, sehemu inamezwa na unga na kutoka ikiwa njano, jicho linajumlisha linaona nyeupe. Weupe ukigeuka bluu, chipu bado hai. Kilichokufa ni tabaka la juu. Silikoni imepata moto ikapasuka au kuinuka kutoka kwenye chipu, bluu inavuja bila kupitia kwenye unga. Chukua moja ya zile zilizobadilika, izime, iangalie kwa kioo cha kukuzia kwenye mwanga wa jua ukiwa umeiinamisha. Utaona nyufa nyembamba kama za udongo mkavu, au duara jeupe lenye kung'aa kuzunguka chipu ambapo hewa imeingia.

Kilichozipika ni gundi ya moto. Ile ni plastiki, haipitishi joto, na boksi lako pia ni plastiki. COB ya wati 9 inatoa joto la karibu wati 6, na rizista inaongeza 3, zote hazina pa kutokea. Toa gundi yote.

Tumia bamba la alumini la sentimita 15 kwa 15, unene wa milimita 2 au 3, na bamba lenyewe liwe ndiyo mgongo wa boksi, upande mmoja nje kabisa kwenye upepo wa ziwa. Kwa mpangilio wa LED 12 joto ni wati 4 tu, bamba hilo litapanda nyuzi 18 hadi 20 juu ya hewa, basi. Toboa, funga kila nyota kwa skrubu mbili za milimita 3 zenye washa za nailoni, pesti ya joto iwe nyembamba kiasi cha kujaza mikwaruzo tu. Wengi wanapaka kama siagi. Pesti nene inazuia joto kuliko inavyosaidia. Kabla ya kuwasha, pima kwa mita kati ya bamba na kila kituo cha lehemu, isisome chochote. Kichwa cha skrubu kikigusa njia ya shaba, bamba zima lina umeme na safu itakufa kimyakimya siku maji yakigusa.

Baada ya nusu saa weka kidole kwenye bamba nyuma ya LED. Ukishindwa kukiweka zaidi ya sekunde chache, uko nyuzi 60 au zaidi, na chipu ndani iko juu ya hapo. Rudi kwenye pesti na skrubu.

Sasa kuna muuaji mwingine hatajwi sana: salfa. Sahani inayokaa chini ya chipu imepakwa fedha ili irudishe mwanga juu. Silikoni ya LED inapitisha gesi, na salfa ikifika kwenye fedha inaifanya nyeusi, mwanga unamezwa. Salfa inatoka wapi ziwani? Kwenye mpira mweusi wa tyubu ya baiskeli au pikipiki mnaoukata kuwa washa ya kioo. Mpira ule umepikwa kwa salfa, na boksi likipata joto unaitoa polepole. Tumia washa ya silikoni. Na silikoni ya kuziba isiwe ile yenye harufu ya siki, asidi yake inakula shaba na kusumbua LED. Nunua isiyonuka siki, ile ya mafundi wa vioo na alumini. Iache ikauke boksi likiwa wazi siku nzima ndipo ufunge. Mvuke wa gundi ukifungiwa ndani na LED za bluu au nyeupe unaingia kwenye silikoni ya LED, na mwanga wa bluu unaugeuza kahawia.

SolaMtaani

Naheshimu mafundi lakini mnamzungusha mvuvi. Taa za bluu tupu zinauzwa na wateja wanarudi. Bluu inazama kuliko rangi zote, hata bahari ukiitazama ni bluu. Na haina huo unga wa njano wa kupasuka. Kwa nini asinunue hiyo akamaliza?

Optiki_Nyegezi

SolaMtaani, una ukweli wa aina mbili na kosa moja, ila kosa ndilo kubwa.

Ni kweli haina unga wa kupasuka. Ni kweli pia haipotezi nishati ya kubadili rangi: fotoni (chembe ya mwanga) ya nanomita 450 ikigeuzwa kuwa ya 560, asilimia 20 hivi ya nishati yake inabaki kama joto kwenye unga, hata unga ukiwa bora kabisa. Kwa wati zilezile, chipu ya bluu tupu inatoa nishati nyingi ya mwanga kuliko nyeupe.

Lakini hiyo ya bluu kuzama ni habari ya bahari safi. Maji ya Ghuba ya Mwanza yana mwani, na yana uchafu ulioyeyuka wa mimea unaoyapa rangi ya chai. Mwani unakula bluu ya karibu 440, ule uchafu unakula bluu zaidi kuliko rangi yoyote, na maji yenyewe yanakula nyekundu. Kinachobaki kupenya ni kijani na kijaninjano, karibu 550 hadi 580. Ndiyo maana ukitazama maji ya Nyegezi au Igombe yana rangi hiyo. Bluu ya 450 ndani ya maji hayo inaishia juu juu. Ukitoka mbali, nje ya visiwa, maji yanasafika na tofauti inapungua, ila hata huko bluu haijawa mshindi kama ya bahari.

Jaribio lake ni rahisi. Sahani nyeupe, kamba yenye alama kila nusu mita, usiku wa giza. Shusha sahani wima chini ya taa ya bluu mpaka isionekane, kisha chini ya nyeupe ya wati hizohizo. Fanya hivyo eneo mnalovua, si gatini, kwa sababu maji ya gatini yametibuka.

Swali linalofuata huwa: basi tununue LED za kijani? Hapana, na sababu yake ina utamu. Naitraidi ya galiamu na indiamu ni hodari sana kwenye bluu, ndiyo kazi iliyowapa Akasaki, Amano na Nakamura Tuzo ya Nobel ya fizikia mwaka 2014. Ukitaka itoe kijani unaongeza indiamu, fuwele inavutika vibaya, na ufanisi unaporomoka. Chipu ya kijani ya 525 inapoteza umeme mwingi kuliko ya bluu iliyofunikwa unga wa njano. Kwa hiyo njia nafuu ya kupata mwanga wa 550 ni LED nyeupe ya kawaida. Chagua yenye joto la rangi (kipimo cha aina ya weupe) la kelvini 4000 hadi 5000, si 6500. Ile ya 6500 ina mchongoko mkubwa wa bluu ambao maji yenu yataumeza bure.

Na mtu asiitazame bluu tupu ya wati 10 kwa karibu. Haionekani kali kama nyeupe lakini ndiyo inayochosha jicho zaidi.

Mwalo_Igombe

Nashukuru wakuu, mambo ya tyubu ya baiskeli yamenigusa maana ndiyo tunayotumia. Optiki, hujagusa perovskaiti. Je, COB ambazo bado ni nzima nizitupe? Na maji: boksi limezibwa kila mahali lakini asubuhi kuna ukungu ndani ya kioo.

Optiki_Nyegezi

Usiisubiri kwa taa ya ziwani.

Perovskaiti inayotumika hapo ni fuwele za sizi (caesium), risasi na bromini. Kinyume na naitraidi, yenyewe kijani ndiyo rahisi: bromini tupu inatoa kijani cha 515 hadi 520 bila kubembelezwa. LED za kwanza za aina hii kuwaka kwenye joto la kawaida la chumba zilitoka Cambridge mwaka 2014, na mwaka 2018 za kijani na za infraredi ya karibu zilivuka asilimia 20 ya ufanisi wa nje, yaani katika kila elektroni 100 zinazopita, fotoni zaidi ya 20 zinatoka. Bluu imebaki nyuma kwa ufanisi, na nyuma zaidi kwa uhai.

Ili upate bluu ya 470, njia fupi ni kubadilisha sehemu ya bromini kwa klorini. Shida ni kwamba ayoni hizo (atomu zenye chaji) hazitulii. Ukiweka volti zinatembea: klorini inakwenda upande mmoja, bromini inajikusanya upande mwingine, na sehemu yenye bromini nyingi ina pengo dogo la nishati (pengo ndilo linaloamua rangi), inavuta chaji zote kwake. Taa iliyoanza bluu inaishia kijani mbele ya macho yako. Klorini pia inaacha nafasi tupu kwenye fuwele, na nafasi hizo ni mitego ya kina inayokula chaji bila kutoa mwanga.

Watafiti wanapambana kwa namna tatu hivi. Moja ni kuacha klorini na kuikata fuwele iwe matabaka membamba kwa molekuli ndefu za amonium kama fenethilamonium. Tabaka likiwa jembamba pengo linapanuka na rangi inasogea bluu. Ubaya wake, matabaka hayatoki unene mmoja, manene yanavuta nishati na rangi inarudi kwenye kijani, na molekuli zile ndefu hazipitishi umeme vizuri. Ya pili ni chembe ndogo mno za nanomita chache, bromini tupu, ambapo udogo ndio unaoleta bluu. Hapo vita vinahamia juu ya uso wa chembe, kwa sababu karibu kila kasoro iko usoni. Ya tatu ni kuziba zile nafasi tupu, kwa ayoni za thayosayaneti, chumvi za potasiamu au rubidi, au oksaidi za fosfini zinazoshika risasi iliyobaki bila mwenza. Ukisoma taarifa inayodai bluu imara, tazama kwanza ni ipi kati ya hizi, kisha tazama kama rangi ilibaki palepale volti zilipopandishwa. Ufanisi mkubwa unaotangazwa mara nyingi umepimwa kwenye mwangaza mdogo, na uhai unahesabiwa mpaka mwanga ufike nusu kuanzia kandela 100 kwa mita ya mraba, ambao ni mwangaza wa skrini.

Tatizo lingine lipo kwenye mlango wa chaji. Tabaka la plastiki la PEDOT linalotumika kuingiza matundu (chaji chanya) lina kiwango cha nishati cha karibu elektronivolti 5.2, na perovskaiti ya bluu iko karibu na 6. Hicho ni kizingiti kirefu, elektroni zinafika kabla ya wenzao na kupotea. Isitoshe PEDOT ni tindikali, na inapogusa perovskaiti inazima mwanga kwenye mpaka.

Sasa linganisha na mahitaji yenu. Saa 10 kwa usiku, usiku 20 hivi wa giza kwa mwezi, ni saa 2,400 kwa mwaka. LED ya naitraidi ikipozwa vizuri inafika saa 25,000 na zaidi. Uhai wa kawaida wa bluu ya perovskaiti maabara ni wa dakika hadi saa chache, na hiyo ni ndani ya kioo kilichozibwa kwenye kabati la naitrojeni lenye unyevu chini ya sehemu moja kwa milioni. Unyevu wa usiku mmoja ziwani unaivunja. Ina risasi pia, na kwenye maji ya kunywa na ya samaki hilo si dogo.

Lehemu

COB nzima usitupe. Zibandue, safisha gundi kwa spiriti, zifunge kwenye bamba lilelile kwa pesti na skrubu nne, ziendeshe kwa draiva ileile ya miliampea 667. Kila safu itapata 222 badala ya 300. Zenye doa au ubluu ziache, mwanga wake haurudi.

Kuhusu ukungu: boksi lako halivuji, linavuta. Likiwa limepata moto hadi nyuzi 50, kisha wimbi likalimwagia maji ya 25, hewa ya ndani inasinyaa kwa karibu asilimia 8. Hiyo ni nguvu ya kuvuta sawa na kina cha maji cha sentimita 70 hivi, na inavuta kupitia kokote palipo dhaifu. Mara nyingi si kwenye kioo. Ni ndani ya waya. Waya wa nyuzi nyingi una njia kati ya nyuzi na plastiki, na ncha ya betri ikiwa na tone la maji, taa inalinyonya mpaka ndani.

Fanya haya: waya uingie kwa glandi ya PG7 (kizibo kinachobana waya, kinashika unene wa milimita 3 hadi 6.5), uingilie upande wa chini na uninginie kidogo ili matone yadondoke kabla ya kufika mlangoni. Sehemu moja ya waya, nje kidogo ya boksi la LED, menya sentimita moja, jaza lehemu mpaka nyuzi zote zishikane, funika kwa mpira wa kusinyaa wenye gundi ndani. Hapo njia ya maji imekatika. Weka pia kizibo cha kupumulia cha M12 chenye utando unaopitisha hewa bila maji, kikitazama chini, ili boksi lisivute kupitia kwingine. Pakiti ya gramu 10 ya zile chembe za kunyonya unyevu inasaidia, ila bila kizibo inajaa haraka.

Draiva isikae na LED. Iweke kwenye boksi la betri, iwe imepakwa vanishi ya bodi mara mbili. Maji ya ziwa hayana chumvi ya bahari lakini umeme wa betri unatosha kula shaba: utaona terminali chanya inaota kijani, hasi iko safi. Vituo vyote viwe na mpira wenye gundi, si tepu nyeusi.

Ampea_Ndogo

Nyongeza mbili. Kwa draiva hii mwanga haufifii betri inapokwisha, unabaki uleule mpaka BMS ikate, kisha giza ghafla. Weka kile kivoltimita kidogo chenye swichi ya kubonyeza. Seli za fosfati ya chuma zikisoma 12.4 zikiwa na mzigo, umebakiwa na kidogo. Na fyuzi ya ampea 3 kwenye waya chanya, sentimita chache tu kutoka betri. Seli hizo zikigusana zinatoa makumi ya ampea, na chelezo chenu ni mbao na maboya ya plastiki.

Wati mnazopandisha kwa jumla muulizeni kwanza afisa uvuvi wa mwalo, kiwango kinachoruhusiwa hubadilika.

Mwalo_Igombe

Nimeelewa. Naanza na taa mbili za majaribio, moja LED 12 za kelvini 4000 na moja COB ya zamani kwenye bamba, betri aina moja. Washa za silikoni kwa hapa Kirumba sijaziona, ninaweza kukata kutoka kwenye kile kitambaa cha jikoni cha kuokea?

Lehemu

Kinafaa kama ni silikoni yenyewe, kile kinene bila nyuzi za ndani. Chenye nyuzi za kioo maji hupita pembeni mwa nyuzi. Kata upana wa milimita 8, kipande kimoja bila kiungo kwenye kona, kaza skrubu kwa mshazari.